Digidigi Aliyetaka Kusindikizwa

Kaeni vizuri, na wewe wa huko nyuma acha kumfinya mwenzio. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao, wakitandika mikeka na kupigiana hodi, kilikuwepo kijiji kimoja kando ya bwawa. Katika kijiji hicho, mkubwa kwa mwili na kwa sauti alikuwa Mzee Kifaru.

Tangu mkewe, Bi Mize, afariki dunia, Mzee Kifaru alikaa barazani kwake na hakutoka tena. Swala walimletea maji. Ngiri alimletea majani. Akiulizwa, "Mzee, hutoki hata kunyoosha miguu?" alikoroma, "Mkubwa hatembei! Mkubwa hutembelewa!"

Basi miguu ikaanza kuvimba. Vifundo vikawa vinang'aa, na kila alipojaribu kusimama, magoti yalilia ka! ka!

Nyumba iliyotazamana na ya Kifaru ilikuwa ya Digidigi. Mnamjua Digidigi? Ni kile kiswala kidogo chenye macho makubwa na miguu myembamba, ukikohoa tu hukioni tena. Kila asubuhi huyu mama alisimama mlangoni kwake akiitazama ile miguu iliyovimba, na moyo ulimuuma. Mwaka wa moto wa nyika, moto ulipofika kizingitini kwake naye amejifungua siku mbili tu, ni miguu ile ile iliyokuja kuuponda, puu! puu! puu!, mpaka ukazimika. Hakuwahi kusahau.

Kiangazi kikawa kikali. Bwawa likanywea, likabaki tope na vyura wachache wenye hasira. Wanyama wakakutana wakakata shauri: mwezi ujao ukiandama, kijiji kizima kitahamia mtoni, ng'ambo ya kilima, mwendo wa kutwa nzima.

"Na Mzee Kifaru?" Digidigi akauliza.

Wakatazamana. Tembo akajikuna sikio. "Jirani, mimi nguvu ninazo, lakini kumbeba kifaru? Hata nikitaka, nitamshika wapi?"

Digidigi akaenda moja kwa moja barazani. "Mzee, anza kutembea kidogo kidogo. Siku ya kuhama utaachwa, na hapa hakutakuwa na maji."

"Siku ikifika nitajua. Niache, mwanangu."

"Lakini Mzee..."

"Nimesema niache!" Kifaru akapuliza pua, fyuuu! Mkeka ukaruka, Digidigi naye akaruka.

Akarudi kwake akawaza. Kumlazimisha hawezi. Kumbembeleza hakusaidii. Akakumbuka jambo moja: Mzee Kifaru angekubali kuvunjika pembe kuliko kuambiwa hana adabu.

Kesho yake asubuhi, umande ulipokauka, Digidigi akabisha. "Hodi hodi!"

"Karibu."

Akakaa, wakanywa uji, wakazungumza habari za mvua isiyokuja. Mwishowe Digidigi akasimama. "Haya Mzee, mimi naaga."

"Haya, kwaheri."

Digidigi hakuondoka. Akasimama pale pale, anatazama dari.

"Mbona huendi?"

"Nangoja, Mzee."

"Unangoja nini?"

"Kusindikizwa."

Kifaru akatoa macho. "Nyumba yako si hiyo hapo? Naiona mpaka chungu chako!"

"Naijua, Mzee. Lakini namwona Ngiri yule pale ananitazama, na Ngiri unamfahamu. Ataniuliza, 'Umetoka wapi?' Nitasema kwa Mzee Kifaru. 'Kakusindikiza mpaka wapi?' Sasa nimwambie nini? Kwamba mgeni wa Mzee Kifaru alitoka peke yake? Mimi siwezi kusema uongo, na ukweli nauonea haya."

"Astaghafiru!" Kifaru akaguna. Akashika nguzo, akajivuta, magoti yakalia ka! ka! Akamsindikiza hatua kumi na mbili, akarudi anahema. Siku hiyo alilala kabla ya jua kuzama.

Siku ya pili Digidigi alipoaga, Kifaru akasimama mwenyewe, mdomo ameuvuta. Walipofika kwa Digidigi, Digidigi akasema, "Ahsante Mzee. Ila nami nimelelewa. Siwezi kukuacha urudi peke yako kwa umri wako. Twende nikurudishe."

Wakarudi, tipu tipu tipu, dum! dum! Walipofika barazani kwa Kifaru, Digidigi akainamisha kichwa. "Haya, kwaheri tena."

Kifaru akamtazama. Huyu sasa ni mgeni anayetoka kwake, au siye? Akafikiri sana. Akatazama upande wa Ngiri, akamkuta Ngiri ameacha kutafuna, anangoja kuona. Mzee wa watu akageuka, akamsindikiza tena.

Mara tatu walisindikizana siku ile! Ngiri alicheka mpaka akakaa chini. Lakini Digidigi hakucheka. Alikuwa akitazama vifundo.

Juma la kwanza likapita hivyo. Juma la pili Digidigi akaanza kutaja safari za mbali zaidi. "Leo sielekei nyumbani, Mzee, naelekea mkwajuni kuokota ukwaju." Wakaenda mkwajuni. Siku nyingine, "Leo naelekea kichuguuni." Wakaenda kichuguuni. Kifaru akawa analalamika njia nzima: jua kali, mawe mengi, wageni wa siku hizi hawana mipaka. Lakini njiani alisimama kunusa maua ya mkole. Akamsalimia Kobe, ambaye alidhani Kifaru alishazikwa. Siku moja aliguna wimbo, na alipoona Digidigi anasikiliza akajifanya anakohoa.

Na uvimbe ukapungua. Magoti yakaacha kulia. Digidigi akahesabu siku zilizobaki, akaanza kulala usingizi wa raha.

Halafu asubuhi moja wakafika mahali. Ng'ambo ya kichuguu njia inashuka kwenda kwenye korongo lenye kivuli. Digidigi alishatangulia hatua kadhaa ndipo akasikia kimya nyuma yake. Akageuka. Kifaru amesimama, kama aliyegonga ukuta.

"Hapa sipiti," akasema.

"Ni mteremko mdogo tu, Mzee."

"Nimesema sipiti!" Sauti ikapasuka. Kisha akasema polepole, "Hii ndiyo njia yetu. Mimi na Bi Mize. Kila asubuhi, miaka yote. Hatukuwa na tunachokifuata huko. Tulikuwa tunatembea tu."

Hila zote za Digidigi zilikuwa za miguu, na hapa hapakuwa na ugonjwa wa miguu. Akaona aibu kwamba siku zote hizo alikuwa akitazama vifundo vya mwenzake na hakuwahi kumtazama usoni.

Akarudi, akasimama kando yake. Kisha akauliza, si kwa hila, bali kwa sababu alitaka kujua: "Alikuwa anatembea upande gani?"

"Nani?"

"Bi Mize."

Kifaru akafumba macho. "Kulia. Upande wa kushoto kuna mibuni ya mwitu... hapana, si mibuni. Miiba. Alikuwa haipendi ile miiba." Akafumbua macho akatazama chini korongoni. "Na pale penye jiwe bapa alikuwa anasimama kila siku kusema amechoka. Uongo mtupu! Hakuwa amechoka. Alitaka tu tukae."

"Jiwe lipi?"

"Si lile pale!"

"Silioni, Mzee. Mimi mfupi."

"Lile pale, we mtoto!" Na Mzee Kifaru akashuka kumwonyesha.

Walikaa kwenye jiwe bapa mpaka kivuli kikahama. Kifaru alilia, machozi makubwa, na wala hakujificha. Digidigi hakumwambia anyamaze. Waliporudi nyumbani, kila mmoja alikwenda kwake.

Mwezi ukaandama. Asubuhi yake kijiji kizima kikafunga mizigo: mikeka, vyungu, watoto migongoni. Tembo wakatangulia. Digidigi akawakabidhi Swala wanawe, akaenda barazani.

Kifaru alikuwa amekaa. Hana hata furushi moja la mzigo.

"Mzee, watu wanaondoka."

"Nawaona. Mimi sina safari. Mke wangu yuko hapa."

"Maji yameisha, Mzee."

"Najua."

Digidigi akatafuta hila kichwani, akazunguka huku na huku, hakupata. Na hata angepata asingeitumia, kwa maana mtu akikwambia mke wangu yuko hapa, utamchezea vipi? Machozi yakamjaa kwenye yale macho yake makubwa.

"Basi nimekuja kuaga," akasema. "Ule moto ulinizimia, nami sikuweza kukulipa. Sikuombi unisindikize. Kwaheri, Mzee wangu."

Akageuka, akaondoka. Tipu tipu tipu. Hakutazama nyuma, kwani angetazama asingeweza kwenda.

Sasa umande ulikuwa umekauka. Ilikuwa saa ile ile ya kila siku, na hewa ilikuwa na ubaridi mzuri wa asubuhi. Miguu ya Mzee Kifaru ikaanza kuwasha. Akaikunja. Ikajikunjua. Akaikemea, "Tulia!" Wapi!

Digidigi alikuwa karibu na mkwaju aliposikia dum! dum! dum!

"Wewe! Lini mgeni alitoka kwangu peke yake? Nitakusindikiza mpaka mkwajuni tu."

"Ahsante, Mzee," Digidigi akasema, akapunguza mwendo.

Mkwajuni Kifaru akatazama mbele. "Mpaka kichuguuni, basi. Hapo pana fisi." Kichuguuni akasema, "Nitakuvusha korongo." Korongoni alisimama kwenye jiwe bapa. Akaliwekea kidevu, akanong'ona maneno ambayo Digidigi hakuyasikia na mimi siwezi kuwaambieni. Kisha akapanda ng'ambo ya pili, na toka hapo hakusema tena atamsindikiza mpaka wapi.

Jua lilikuwa linazama walipofika. Wanyama walikuwa wameshatua mizigo, na walipomwona, kelele zote zikakatika. Mto ulikuwa unapita, mpana, unameta. Kifaru akaingia mpaka magotini, akanywa, akanywa, akanywa. Halafu akainua kichwa maji yakimchuruzika mdomoni.

"Haya, nimekufikisha. Sasa narudi."

Kifaru akageuka akaitazama njia waliyotoka: kilima, na nyuma ya kilima nyika, kutwa nzima ya mwendo. Akaitazama miguu yake. Haikuwa inatetemeka. Taratibu, kichwa kile kizito kikamgeukia Digidigi.

"Ule ukwaju uliokuwa unaokota kila siku," akasema, "mbona sikuwahi kuuona hata mmoja kapuni mwako?"

Digidigi akatazama maji.

"Mwezi mzima! Mimi na pembe zangu mbili, nimetembezwa na kitu kisichofika gotini kwangu!"

"Ndiyo, Mzee," Digidigi akasema kwa sauti ndogo. "Nisamehe."

Kifaru akapuliza pua, fyuuu! Kisha akasogea kidogo kushoto, akaacha nafasi upande wake wa kulia.

"Kesho umande ukikauka," akasema, "usichelewe."

Basi wanangu, anayekupenda hakuachi ukakaa tu mpaka ukaisha. Atatafuta kila sababu ya kukutoa nje mtembee.