Kambi Isiyo na Jivu

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa nyasi!

Pakawa upepo!

Nani anapita?

Wapitao wote, wakubwa kwa wadogo!

Basi hapo kale palikuwa na mbuga iliyoitwa Malolela. Wengine husema Malolo, hao wamekosea. Malolo ni mto, tena uko mbali. Mbuga ni Malolela.

Malolela ilikuwa pana hata ukitembea siku nzima, jioni unajiona kama hukutembea. Nyasi zake zilikuwa rangi ya simba. Upepo ukipita juu yake, mbuga yote ililala upande mmoja, kisha ikainuka taratibu, kama mtu anayepumua usingizini. Kuivuka ni siku nne. Na siku nne zina malazi matatu. Kumbukeni hesabu hiyo.

Katika mbuga hiyo liliishi zimwi. Halikuwa na nyumba wala pango. Jua likikaribia kutua, zimwi lilitangulia mbele ya wasafiri, likalala chali, likageuka kambi. Manyoya ya tumbo lake yakawa majani mabichi. Magoti yake mawili yakawa vilima viwili vya kukinga upepo. Kitovu chake kikajaa maji, kikawa kisima kidogo cha duara. Msafiri akipaona, hutua mzigo, hunywa, hulala. Akishalala, vilima hukaribiana na tumbo hujikunja kama mkeka. Asubuhi hapana kambi, hapana msafiri.

Siku moja watu watatu waliingia Malolela. Wa kwanza ni Bi Nyanzala binti Igembe, mwanamke mzee aliyekwisha kuivuka mbuga mara saba. Wa pili ni mwanawe, Kapela. Wa tatu ni mke wa Kapela, jina lake Mwashi, naye alikuwa mja mzito, mimba yake ya kwanza. Kwa desturi yao mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa mke. Mama yake Mwashi alikaa kijiji cha Mlewa, ng'ambo ya mbuga. Ulikuwa umebaki mwezi mmoja. Ndivyo walivyohesabu.

Wakatembea, wakatembea, wakatembea. Jua likawa jekundu, vivuli vikawa virefu kuliko watu wenyewe. Mara Kapela akanyoosha mkono.

"Mama, tazama pale! Majani kama godoro. Na maji yanametameta."

Wakasogea. Kapela akataka kutua furushi, lakini mama yake akamshika bega.

"Mzigo ubaki kichwani. Bado sijapiga hodi."

"Hodi kwa nani, mama? Hapa hapana mlango."

"Hapana mlango, lakini pana mahali."

Ilikuwa desturi ya watu wa zamani. Ukifika mahali pa kulala usipopajua, husimama ukingoni na mzigo wako, ukapiga hodi mara tatu. Pakinyamaza, hapana mwenyewe, tua, ulale. Pakijibu, pana mwenyewe. Basi uliza jina lake.

Bi Nyanzala akasimama ukingoni.

"Hodi mahali! Hodi mahali! Hodi mahali!"

Majani yakatikisika, na sauti nzito, tamu, ikatoka chini:

*Tueni, wageni, tueni,*
*majani laini, laleni,*
*maji baridi, kunyweni,*
*tueni, wageni, tueni.*

Mwashi akahisi kope zake zinakuwa nzito. Hata mtoto tumboni alitulia.

"Ahsante," akasema Bi Nyanzala. "Nani jina lako, mwenye mahali?"

Kimya.

"Nimeuliza, nani jina lako?"

Kimya.

"Mwenye kunikaribisha bila kunitajia jina, mimi silali kwake. Twendeni."

Wakaenda. Walilala juu ya changarawe, karibu na kichuguu, na siafu wakawatembelea. Kapela alijigeuza mara upande huu, mara upande ule.

"Mama, wewe unachagua kambi kama mtu anayechagua mke."

"Na mke nilikuchagulia vibaya?"

Mwashi akacheka gizani hata akashika tumbo. "Mjibu mama, bwana. Nasikiliza."

Kapela alijifanya amelala.

Siku ya pili wakatembea, wakatembea, wakatembea. Jua likawa jekundu. Mara wakaiona kambi mbele yao: majani mabichi, vilima viwili, kisima cha duara.

"Mama," akasema Kapela, "mbona panafanana na pa jana?"

"Panafanana sana," akasema Bi Nyanzala.

Akasimama ukingoni. "Hodi mahali! Hodi mahali! Hodi mahali!"

Safari hii pakanyamaza. Zimwi lilikuwa limejifunza. Lilifumba mdomo, likazuia hata pumzi.

"Umesikia?" Kapela akafurahi. "Hapana mwenyewe. Natua."

"Usitue. Nitafutie jivu."

"Jivu?"

"Jivu la mpishi yeyote. Hapa si mbali na njia. Mimi nimepita mara saba, na babu zangu walipita kabla yangu. Mahali pazuri namna hii, kila apitaye angetaka kulala. Haya, nionyeshe jivu la mmoja tu aliyelala, akaamka, akapika uji, akaenda zake."

Kapela akazunguka ukingoni akiangalia. Hapakuwa na jivu. Hapakuwa na kinyesi cha punda wala gunzi la hindi.

Kapela akarudi mbio. "Mama, twende."

"Ahaa. Leo unanihimiza wewe."

Wakalala katika kijito kikavu, juu ya mawe. Lakini zimwi lilikuwa limesikia maneno yote. Likakesha likiwaza: jivu, jivu, jivu.

Siku ya tatu wakatembea, wakatembea, wakatembea. Lakini Mwashi alikuwa anasimama mara kwa mara. Akishika kiuno anafumba macho, kisha anaendelea.

"Vipi, mwanangu?" akauliza Bi Nyanzala.

"Mgongo tu, mama."

Baadaye kidogo akasema, "Mama, si mgongo."

Watu huhesabu miezi, na watoto nao wana hesabu yao.

Jua likawa jekundu. Mbuga ikalala upande mmoja, ikainuka. Na mbele yao ile kambi: majani mabichi, vilima viwili, kisima cha duara. Na katikati palikuwa na mafiga matatu yaliyopangwa vizuri, na kati yake jivu, limejaa tele.

"Jivu!" Kapela akapiga kelele. "Mama, jivu! Watu wamelala hapa!"

Akakimbia. Hakusimama ukingoni. Hakupiga hodi. Akatua furushi katikati ya majani, puu! Akamshika mkewe, akamlaza. Majani yakamkumbatia Mwashi kama mikono ya mama yake, naye akashusha pumzi ndefu.

Bi Nyanzala aliingia nyuma yao, polepole. Akainama, akapitisha kidole juu ya figa moja. Akakitazama. Kilikuwa safi.

Mafiga hayakuwa na masizi.

Akaligusa figa tena. Lilikuwa jeupe, laini, tena lina ujoto wake lenyewe. Jino. Zimwi lilikuwa limeng'oa meno yake matatu ya mbele, likayapanga juu ya tumbo, likamwaga hapo jivu la nyasi zilizoungua kwa radi.

Bi Nyanzala akamtazama mkwewe. Mwashi hakuweza kusimama, sembuse kutembea. Akavitazama vilima. Vilikuwa vimesogea, kidogo tu.

Basi yule mzee hakupiga kelele. Alikitua chungu chake kutoka kichwani, akakiweka juu ya yale meno matatu. Akachota maji kisimani. Akakusanya vijiti, akawasha moto.

Ardhi ikatetemeka. "Nani anakoka moto juu ya tumbo langu?"

Kapela akaruka kama panzi. "Mama!"

"Nyamaza, baba. Kamata kanga hii, mkinge mkeo, wewe tazama nyota. Inatosha kazi hiyo." Kisha akasema na ardhi, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema na jirani. "Ni mimi, Nyanzala binti Igembe. Nachemsha maji ya kumwogeshea mtoto."

"Mtoto gani? Mimi nimehesabu watu watatu."

"Huyu anakuja sasa hivi."

Zimwi likawaza. "Basi nitakula wanne."

"Hayo utayajua wewe. Lakini ukitukunja sasa, utakula watatu. Ngoja."

Zimwi lilikuwa na tamaa. Likangoja.

Likangoja mwanga wa jua ulipokuwa wa zambarau. Likangoja nyota ya kwanza ilipotoka. Mwashi aliuma kitambaa, akashika mkono wa mama mkwe wake hata mifupa ikalia, na upepo wa Malolela ukapita juu yao wote, ukiinama, ukiinuka. Mara sauti ndogo ikatoka nyuma ya kanga. Nga! Nga! Nga!

"Msichana," akasema Bi Nyanzala.

"Wanne!" likasema zimwi, na vilima vikaanza kukaribiana.

"Bado. Hana jina. Kwetu mtoto aliyezaliwa njiani hupewa jina la mahali alipozaliwa. Nilikuuliza juzi ukaninyamazia. Jana hukutoa hata pumzi. Leo nakuuliza mara ya tatu. Nani jina lako?"

Vilima vikasimama.

"Wananiita Zimwi," likasema mwishowe, tena kwa sauti ndogo.

"Wanakuita saa ngapi?"

"Wanapokimbia."

"Hilo si jina. Hizo ni kelele za watu wanaokimbia. Mama yako alikuita nani?"

"Sikumbuki kuwa na mama. Mimi sina jina." Na kile kisima cha duara kikatikisika chote, kwa sababu zimwi liliona haya.

Bi Nyanzala akampakata mtoto, akamtazama kwa mwanga wa moto. Mtoto alikuwa ameacha kulia.

"Basi tutageuza mambo," akasema. "Mtoto apate jina, nawe ulipate kwake. Huyu ametua baada ya taabu, mama yake ametulia. Anaitwa Tulizo. Nawe, mahali pake, unaitwa Tulizo. Sema."

"Tulizo," likasema zimwi, na sauti ilikuwa nzito.

"Tena."

"Tulizo," likasema, na sauti ilikuwa nyepesi.

"Tena."

"Tulizo," akasema.

Mmesikia, watoto? Sikusema likasema. Nimesema akasema. Mwenye jina si kitu, ni mtu, na mimi nitamtaja hivyo mpaka mwisho.

"Sasa nijibu," akasema Bi Nyanzala. "Watu wawili wenye jina moja wanaitanaje?"

"Wanaitana somo."

"Somo humla somo wake?"

"Lo! Haiwezekani." Tulizo mkubwa akafikiri kidogo. "Lakini wewe, mzee, si somo wangu. Wewe naweza kukula."

"Mimi bibi yake somo wako."

"Na huyu mwanamume anayetetemeka?"

"Mimi baba yake!" akasema Kapela, macho yake yangali juu kwenye nyota.

"Na huyu aliyelala?"

"Mama yake," akasema Mwashi. "Tena usipige kelele, anasinzia."

Tulizo mkubwa akashusha pumzi hata nyasi za mbuga zikainama. "Kumbe! Nilitaka chakula, nimepata ukoo."

"Ndiyo desturi," akasema Bi Nyanzala. "Hamu ya nyama itapita. Lala."

Vilima vikarudi nyuma, kila kimoja mahali pake, vikakinga upepo. Wakamlaza mtoto juu ya majani. Lile tumbo kubwa likawa linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, kama kitanda cha kamba kinachobembezwa. Ile sauti nzito ikaimba chini kwa chini, na safari hii haikuwa na hila ndani yake:

*Lala, somo, lala,*
*majani laini, lala,*
*nyota zimetua, lala,*
*lala, somo, lala.*

Mwashi akalala. Bi Nyanzala akalala. Kapela peke yake ndiye hakulala. Alikaa ameshika kanga mpaka alfajiri, maana hakuna aliyemwambia aishushe.

Kulipokucha wakapika uji, wakafunga mizigo. Bi Nyanzala akataka kuyaondoa yale meno matatu motoni.

"Meno yako haya, uyachukue."

Tulizo mkubwa akayatazama. Yalikuwa meusi kwa masizi.

"Yaacheni," akasema. "Yamekwisha kuwa mafiga. Na jivu msilizoe. Mwingine akija, alione."

Basi wakaliacha jivu. Walifika Mlewa siku hiyo jioni wakiwa wanne, na mama yake Mwashi aliwagombeza sana kwa kuchelewa kumleta binti yake, kabla hajaona kilichokuwa ndani ya kanga.

Tangu siku hiyo ile kambi haikuhama tena. Ilibaki palepale, nayo inaitwa Kambi ya Tulizo, si Kambi ya Zimwi, kama wasemavyo watu wasiojua. Wapitao wote hulala hapo, huamka, hupika, huacha jivu lao juu ya jivu la wenzao. Ardhi yake ina ujoto, hata wakati wa kipupwe.

Na yule msichana alipokuwa mkubwa alipita Malolela na mzigo wake kichwani. Alisimama ukingoni, kama bibi yake alivyomfundisha.

"Hodi, somo!"

Majani yakatikisika.

"Karibu, somo. Tua."

Hadithi yangu imefika kambini, imetua mzigo, imeishia hapo. Ukitafuta pa kulala, usitazame ulaini wa majani peke yake. Simama kwanza ukingoni, piga hodi, uliza jina. Na ukimkuta asiye na jina, usimkimbie upesi. Mpe.