Sanduku la Mwanakheri na Sakafu ya Liwali

Hapo zamani, treni zilipokuwa zingali mpya na watu wakizisimulia kama majini, palikuwa na Liwali aliyeipenda sakafu ya stesheni ya mji wake kuliko alivyowapenda raia. Ilikuwa ya marumaru, iking'aa hata akijitazamia ndevu zake humo. Basi akatoa amri: mzigo wowote usiiguse sakafu, wala usiguse benchi, mpaka treni isimame, utakaotuliwa ni mali ya Liwali. Ikawa ghala lake limejaa magodoro na masufuria ya watu.

Siku moja akaingia Mwanakheri, mwana mgongoni kwa mbeleko, sanduku la bati kichwani. Mumewe, fundi wa reli huko bara, alikuwa amemwita, na sandukuni mlikuwa na kila alichokuwa nacho duniani, kuanzia nguo za mtoto hata jiwe la kusagia. Treni ikachelewa. Shingo ikawaka moto, mtoto akaanza kulia, naye hana hata cha kumpa hamali, akawaza nikianguka naanguka na mtoto, nikitua nafika kwa mume mikono mitupu, ee Mola nifanyeje.

"Dada, jikaze," hamali mmoja akamnong'oneza. "Jana ajuza kapiga chafya tu, godoro likaenda."

Mara Liwali akatokea na askari wake, akapita akitazama jinsi shingo za watu zinavyotetemeka, akicheka. Alipofika kwa Mwanakheri akasema, "We binti, mbona jasho lako ladondokea marumaru yangu? Wajua upo wapi?"

"Sijui, bwana wangu. Mimi mgeni."

"Upo nyumbani kwangu. Kila kigae hapa ni changu, kama sebuleni."

Kwa hofu, ulimi wa Mwanakheri ukatoka mbio: "Basi niwie radhi, bwana, nimeingia nyumba ya watu kama mwizi, mama yangu hakunifunza hivyo. Hodi wenyewe."

Na Liwali, kwa mazoea ya miaka yote, akajibu, "Karibu."

"Ahsante. Nipokee, basi."

Watu wote wakageuka kumtazama Liwali. Maana nani asiyejua kwamba aliyekaribisha humpokea mgeni mzigo wake, na asiyepokea hutangazwa mji mzima? Liwali akatazama kulia, akatazama kushoto, akanyoosha mikono, na sanduku likakaa juu ya kilemba chake.

"Askari," akaguna.

Lakini askari nao walikuwa wameshapigiwa hodi, na wameshaitika karibu. Hodi huku, hodi kule, stesheni nzima ikawa wageni, na kila askari amekumbatia godoro au tenga la kuku.

Ikawa zamu ya Liwali kutetemeka. "Binti, nitue."

"Ningependa, bwana wangu, lakini mzigo ukituliwa ni wa Liwali, nami sitaki kumtia mwenyeji wangu katika dhambi ya kumnyang'anya mgeni."

Kilemba kikamshukia machoni. "Amri imefutwa," akasema toka chini ya sanduku.

"Na ghala, bwana?"

"Lifunguliwe. Nitue, mwanangu, nakufa."

Sanduku likatuliwa, na kigae kimoja kikapasuka kah. Hakuna aliyethubutu kucheka; yule hamali peke yake alipiga chafya. Treni ikaja, Mwanakheri akapanda na mwanawe na sanduku lake, akawaacha watu mlangoni mwa ghala wakitambua masufuria yao.

Tangu hapo, ukipiga hodi kwa Liwali, kimya. Kwanza anachungulia dirishani, aone umebeba nini.