Kofia ya Kusukumia

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, umeme ukikatika kama unavyokatika leo, palikuwa na ofisi ndogo mjini Mbeya, na ndani yake vijana watatu waliogombea nafasi moja ya ajira: Atupele, Ambakisye na Lugano. Walikuwa wakiunda mfumo wa kuwakumbusha wajawazito siku zao za kliniki. Jumatatu wangeuonyesha kwa wageni waliouagiza, na siku hiyohiyo mwenye ofisi, Mama Mwambene, angemwajiri mmoja. Atupele aliwaombea wenzake mema, ila alijiombea zaidi. Akikosa, angerudi Tukuyu kupanga mitumba ya shangazi yake, na wazo hilo lilimnyima hamu ya kula.

Kila mmoja alikuwa na nakala ya mradi kwenye kompyuta yake; nakala kuu ilikaa kwenye seva, kompyuta ya pamoja ya ofisi. Unavuta kazi ya wenzako kutoka nakala kuu, unafanya yako, unaandika umebadilisha nini, ndipo unasukuma, yaani unaipeleka kazi yako kwenye nakala kuu. Ili wasigongane, Mama Mwambene alileta kofia ya sufu: aliyeivaa ndiye pekee mwenye ruhusa ya kusukuma.

Jumatano Atupele akavaa kofia, akasukuma kazi ya wiki mbili, kila badiliko na maelezo yake. Kompyuta yake ilikuwa imejaa, naye ni mtu wa usafi. Akafuta folda yote ya mradi. Ya nini kurundika, na nakala kuu ipo?

Alhamisi Ambakisye akavaa kofia, akavuta kila kitu, kisha asiandike hata mstari mmoja. Ila kofia hakuivua. Ilikuwa Juni, na baridi ya Mbeya ya Juni mnaijua.

Lugano akangoja. Akangoja Alhamisi, akangoja Ijumaa asubuhi, kuomba kofia akaona haya. Mchana akasukuma marekebisho yake ya tarehe za kliniki, kichwa wazi. Seva ikakataa: vuta kwanza ya wenzako. Lugano, ambaye hakuwa amevuta kwa wiki mbili, akaongeza amri ya kulazimisha, ile inayoifanya nakala kuu ifanane na ya anayesukuma. Seva ikatii, na kazi yote ya Atupele ikatoweka kwenye nakala kuu.

Lugano akasimama palepale. "Jamani, nimeharibu. Dada Atupele, nimefuta kazi yako."

Atupele alimchukia Lugano, kisha akauchukia usafi wake mwenyewe. Ndipo Ambakisye, akijikuna chini ya kofia, akasema, "Mbona kwangu ipo yote?" Akairudisha kwenye nakala kuu, kwa amri ileile ya kulazimisha. Lugano akavuta, akaunganisha na yake, na jioni mfumo ukawa mzima.

Jumatatu wageni waliridhika, wakaondoka. Mama Mwambene akawaita watatu.

"Mama, kilichowafurahisha wageni nimekiandika mimi," akasema Atupele.

"Na nakala yako ilikuwa wapi?"

"Niliifuta, Mama."

"Mimi sikuandika kitu, sikatai," akasema Ambakisye. "Lakini ningejitia bidii, si ningekuwa nimeshaichokonoa kazi ya dada? Nimeitunza kama ilivyo. Bila nakala yangu leo mngeonyesha nini?"

"Nimekosa," akasema Lugano. "Ila nilisema kabla mtu hajajua. Ningenyamaza, mngegundua leo mbele ya wageni. Na zile tarehe zilizokuwa zinawaita kina mama kliniki siku siyo, nani alizirekebisha?"

Barua ya ajira ilikuwa mezani, imeshasainiwa, pa jina pakiwa wazi. Mama Mwambene akaisogeza kwa Atupele pamoja na kalamu, akiwa amejitua mzigo wa kuamua.

"Wewe ndiye uliyeumizwa, mwanangu. Jaza jina. Ila ujaze la anayestahili, si la anayetaka."

Atupele akashika kalamu. Ambakisye alimtazama kama mtu anayemdai. Lugano hakumtazama kabisa, na hilo lilimuuma zaidi.

Basi, ninyi mnaonisikiliza, ambao hamna shangazi wa mitumba anayewangoja: Je, aandike jina la nani?