Nyuso Saba za Soko la Kwamlela

Hapo zamani, zamani isiyofika mbali, paa la soko la Kwamlela liliwaangukia wauza mboga saba, likawaua wote. Halmashauri ikatangaza kwamba waliokufa ni wawili. Mji ukanyamaza.

Shekue, mwandika mabango, hakunyamaza. Kwa rangi ya mafuta alichora nyuso saba, kila uso na jina lake, juu ya ukuta wa mgahawa wa Bi Mwantumu. Watu wakaja, wakahesabu, wakalia.

Likaja agizo: ukuta uvunjwe. Bi Mwantumu akasimama mlangoni.

"Vunjeni nami nikiwa ndani."

Wakaufunga mgahawa wake, ukuta ukabaki. Shekue akafungwa miezi minane.

Likaja agizo la pili: picha ifunikwe kwa chokaa. Akatumwa Mhina, fundi rangi wa halmashauri. Mhina akakoroga chokaa bila kutia chumvi, naye alijua vyema kwamba chokaa isiyo na chumvi haishiki ukutani.

"Fundi, chokaa yako nyepesi kama uji wa mgonjwa," Bi Mwantumu alimsuta. "Hata kufunika hujui?"

"Mama, niache nifanye kazi yangu," alijibu Mhina, asiinue macho.

Mvua ya masika ikanyesha siku tatu. Chokaa ikatiririka mtaroni, nyuso saba zikarudi. Mhina akafukuzwa kazi. Wakaja wachunguzi kutoka mkoani, wakasahihisha hesabu ya vifo: saba.

Wafiwa wakakubaliana kuandika chini ya picha jina la aliyewatunzia wafu wao. Nafasi iliyosalia ilitosha jina moja.

"Bila mkono wangu, huu ni ukuta tu," alisema Shekue.

"Gerezani ulitia sahihi kwamba nyuso hizi umezibuni," alisema Mhina.

"Nilitia ili nitoke."

"Mimi sikutia sahihi yoyote," alisema Bi Mwantumu. "Ukuta ungevunjwa, picha ingekuwa wapi?"

"Nami ningetia chumvi, leo mngetazama weupe."

"Ulitufanya tulie mara ya pili, mwanangu. Hukumwambia hata mfiwa mmoja."

"Ningemwambia mmoja, Mama, siri ingefika halmashauri, na masika isingeikuta chokaa ile."

Mwasiti, ambaye mama yake ni mmoja wa wale saba, ndiye aliyepewa kuandika; amesimama mbele ya ukuta. Brashi imekwisha kuchovywa, na watatu wale wanamtazama mkono.

Enyi mnaosikiliza, lau mama yake angekuwa mama yenu, mngeandika jina la nani?