Hodi Kwenye Sanduku la Mayai

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama mnasinzia. Paukwa!

Pakawa!

Yai?

Lina mwenyewe.

Haya, shikeni hilo hilo, maana kuna watu walishindwa kulishika. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa majirani na kuzoeana hata kukera, paliishi kuku mmoja wa kishingo. Shingo tupu, haina unyoya hata mmoja. Jina lake Bi Kishingo. Alikuwa mpole. Alikuwa mpole mno, na upole huo ndio utakaoniudhi mpaka mwisho.

Bi Kishingo alitaga, akaatamia, Kenge akaja akala. Akataga tena, akaatamia, Kenge akaja akala. Mara ya tatu akataga mayai saba, na hapo kutaga kukakoma, umri umekwenda. Saba tu. Yakipotea hayo, atakufa hajaitwa mama.

Akaenda kwa Panya Buku, fundi wa mtaa. Buku akamtengenezea mashine ya kutotolesha. Sanduku la mbao, kifuniko chenye komeo ili Kenge asipate pa kuingilia, taa ya kutia joto, na kibakuli cha maji ndani ili hewa isikauke. Kila yai akalichora kwa mkaa, upande huu msalaba, upande huu duara, Bi Kishingo ajue lipi kaligeuza na lipi bado.

Akamweleza polepole. Geuza mara tatu kwa siku, kisha funga upesi. Ikifika siku ya kumi na nane usiguse tena, usifungue, hata wakigonga. Siku ya ishirini na moja watatoka wenyewe.

"Lakini ikiingia baridi," Buku akasema, "mimi sina dawa."

Bi Kishingo akaitikia. Kuelewa alielewa. Tabu ni kwamba alikuwa muungwana, na kwao muungwana akibishiwa hodi husema karibu, na mgeni aliyekuja kumtazama mtoto haondoki bila kumwona mtoto.

Siku ya tatu akaja Bata.

"Hodi."

"Karibu."

Kwaa, komeo. Fyuu, joto nje. Bata akachungulia, akasema mbona yamelala tu. Akaketi. Akasimulia mafua yake tangu yalipoanza, na kifuniko kiko wazi.

Siku ya sita akaja Mbuzi. Hodi. Karibu. Kwaa, komeo. Fyuu, joto nje. Mbuzi akaingiza kichwa, akaona kibakuli, akanywa maji. Akanywa yote, akashukuru.

Siku ya tisa akaja Punda. Semeni na nyinyi.

Hodi. Karibu. Kwaa, komeo. Fyuu, joto nje.

Punda hakuwa na la kusema. Alisimama tu akitazama. Akatazama mpaka kivuli chake kikahamia upande wa pili. Bi Kishingo akayagusa mayai, yamepoa kama ugali wa jana. Akataka kusema, nafunga. Akafungua mdomo, akasema, "Karibu sana, shemeji, hapa ni kwako." Sasa hapo nani alimwuliza?

Siku ya kumi na tatu akaja Kanga na dada zake watano, kila mmoja na ushauri wake. Huyu punguza taa, yule ongeza taa, na kila mmoja anashika yai kuonyesha anachosema. Walipoondoka, alama za mkaa zilikuwa kwenye mabawa yao, si kwenye mayai. Msalaba hakuna, duara hakuna. Bi Kishingo akageuza kwa kubahatisha.

Na siku zote hizo Bata anarudi, Mbuzi anarudi, Punda anarudi. Wakikutana njiani wanaambiana, twende kwa Bi Kishingo, ana roho nzuri. Roho nzuri, naam. Na mayai je?

Siku ya kumi na nane akaja Buku. Akafungua mara moja, akaona maji yamekauka, alama zimefutika, mayai ya pembeni baridi. Akauliza nani alikuwa akifungua. Bi Kishingo akawataja mmoja mmoja, na akaeleza kila mmoja alikuja na heshima gani.

"Bibi," Buku akasema, "nilikujengea sanduku la mayai. Sikukujengea baraza."

Akajaza maji, akafunga komeo, akaenda zake hata chai hakunywa. Neno lile likamchoma Bi Kishingo. Akapanda juu ya kifuniko, akajilaza hapo hapo.

Siku ya kumi na tisa Bata akabisha. Hodi. Neno karibu likapanda kooni, Bi Kishingo akalimeza. Hodi. Kimya. Bata akapita mtaa mzima akisema Bi Kishingo siku hizi ana maringo. Siku ya ishirini Mbuzi, kimya. Siku ya ishirini na moja wakaja wote. Kimya, na ndani ya sanduku pia kimya. Wakakaa uani wakisema mayai ni viza, ayatupe apumzike. Siku ya ishirini na mbili wakasema hivyo hivyo, kwa sauti zaidi.

Siku ya ishirini na tatu, jua limepanda, Bi Kishingo amechoka kwa kukesha, akasikia, ko, ko, ko.

Akadhani ni wageni, akajibana juu ya kifuniko.

Ko, ko, ko.

Hapo yakamfika shingoni, na kwa kuwa shingo ni tupu, kila mtu aliona ilivyoiva.

"Sifungui," akasema. "Anayebisha asubiri. Leo hapa hakuna karibu."

Hajapata kusema hivyo maisha yake yote. Bata akamwambia kutoka uani kwamba hakuna aliyebisha, wao wako kule na midomo wamefunga. Bi Kishingo akatazama. Kweli.

Ko, ko, ko. Sauti inatoka chini ya tumbo lake.

Amewangoja siku ishirini na tatu, mbili zaidi kwa ile baridi iliyowachelewesha, na neno la kwanza analowaambia wanawe ni sifungui. Akalishika komeo kwa mdomo. Uani wote wakapiga kelele, fungua, wasaidie, wanakufa. Akakumbuka maneno ya Buku, hata wakigonga. Akaliachia komeo. Akaulaza uso kwenye ubao.

"Tokeni wenyewe, wanangu," akasema. "Niko hapa."

Akakaa mpaka jua likaegemea magharibi. Kugonga kukaisha, kulia kukaanza, pii, pii. Ndipo akafungua. Vifaranga wamekauka, wamesimama, shingo tupu kama ya mama yao. Pembeni mayai mawili, baridi.

Bata akachungulia akauliza mbona watano, si yalikuwa saba?

"Hawa watano ni wangu," Bi Kishingo akasema. "Wale wawili ni wenu. Wangu pia, maana niliyekuwa nasema karibu ni mimi."

Punda akalaza masikio. Wakatoka mmoja mmoja.

Kesho yake Bata akarudi. Safari hii alikuwa na adabu, alisimama mbali, akabisha kwa sauti ndogo. Bi Kishingo akafungua mdomo aseme subiri. Kabla hajasema, chini ya bawa lake vifaranga wote watano wakaitika kwa pamoja neno walilolisikia ndani ya ganda siku nenda siku rudi.

"Karibu."

Bi Kishingo akafumba macho. Kazi imeanza upya.

Basi mafunzo ni haya, na sitayarudia. Kukaribisha ni kuzuri, lakini mwenye nyumba ndiye ajuaye siku ya kufungua, na lazima awe na mdomo wa kusema bado. Na wewe mgeni, ukiambiwa bado, rudi nyumbani, usinune.

Yai?

Lina mwenyewe.

Hadithi yangu naifunika hapo. Na komeo nimetia.