Pembe za Kajiru

Mtu mmoja alikuwa na shamba kwenye mteremko wa mlima, na jina lake Kajiru. Maji yake yalitoka juu, kwenye chemchemi, yakishuka kwa mfereji mrefu hadi matuta ya chini kabisa, ambako mkewe Namkunda alipanda mahindi na maharage ya kula nyumbani. Mlima ule ni wa mchanga, na mchanga hunywa maji. Ndiyo maana mababu waliukandika mfereji kwa udongo wa mfinyanzi toka juu hadi chini. Bila mkandiko ule, chini lisingefika hata tone.

Kajiru aliweka walinzi, maana nguruwe mwitu hawamhurumii mkulima. Kila mlinzi alipewa mkuki, jembe na pembe ya kupuliza. Desturi ilikuwa moja: aonaye adui apulize, na aisikiaye pembe apulize yake kabla hajaondoka alipo, ili na wa mbali asikie. Kuuliza kwanza kulikatazwa. Anayeuliza, walisema, hujibiwa nguruwe akiwa ameshashiba. Desturi hiyo iliwaokoa mara nyingi, na Kajiru aliipenda kama mtu apendavyo mlango wa nyumba yake.

Mwaka mmoja wakaja fuko. Walichimba kandokando ya mfereji wakasukuma juu marundo ya udongo mbichi wa mfinyanzi. Pembe zikalia, walinzi wakachimbua, fuko wakaisha. Lakini macho ya walinzi yalikuwa yamejifunza jambo, na jicho lililojifunza halisahau: penye udongo mbichi wa mfinyanzi pana fuko.

Mvua zilipokuja, mkandiko wa mfereji ulilowa ukavimba mahali fulani. Mlinzi aitwaye Mchome, mtu mwaminifu kuliko wote, akauona akapuliza. Wa pili akasikia, akapuliza. Wa tatu hakuona kitu, ila pembe aliisikia. Wakaja wote na majembe wakaubandua mkandiko mpaka mchanga ukabaki wazi. Fuko hawakumkuta, nao wakashukuru kwamba amekimbia.

Siku ile maji yalimfikia Namkunda yakiwa haba, yakisitasita kama mtu aliyesahau alichotumwa. Akapanda na wanawake wenzake, vikapu vya udongo kichwani, wakakandika upya pale palipobanduliwa. Kazi yao ilikuwa nzuri, laini, bado mbichi. Ndiyo iliyowaponza. Kulipokucha Mchome aliuona ule udongo mbichi uking'aa juani, na pembe zikaitana mlima mzima.

"Wangekuwa nguruwe, baba Kiondo, ningewatupia mawe," Namkunda alimwambia mumewe, mikono ikiwa bado na matope. "Hawa wako niwatupie nini?"

Kajiru alizikusanya pembe zote akazifungia ghalani. Mlima ukanyamaza, wanawake wakakandika tena, maji yakashuka, mahindi ya chini yakainua majani. Ndipo nguruwe walipoingia matuta ya juu mchana kweupe, na kila mlinzi akasimama peke yake na mkuki wake, asiwe na namna ya kumwita mwenzake. Walipomaliza kula, Kajiru alifungua ghala akazigawa pembe tena kwa mikono yake mwenyewe.

Hazikukaa kimya. Safari hii zilipolia alikimbia akafika mbele yao, akaingia mferejini akatandaza mikono.

"Huu ni wangu! Mnaniua!"

Mchome alikuwa akitokwa na machozi, kwa kuwa alimpenda. Lakini jembe hakulishusha.

"Baba," alisema, "pembe imelia."

Wakachimba wakiizunguka miguu yake.

Siku hizi chemchemi bado inabubujika, na ukisimama kwenye matuta ya chini unayasikia maji huko juu. Hayafiki. Namkunda angali anapanda na kikapu chake, akijua vizuri ni nini kitalia baada yake. Kajiru humtazama akipanda, wala hamzuii, wala hamtii moyo.

Wako wenzetu ambao miili yao ni shamba hilo. Mfereji ni mshipa wa fahamu, na mkandiko ni utando unaoufunika. Walinzi ni kinga ya mwili, na pembe ni zile protini ndogo ambazo kinga huitana kwazo. Mkimwona mtu wa namna hiyo mguu wake umekataa kumtii, msimwambie ajikaze. Maji hayapungui kwa uvivu wa chemchemi. Wala msiwalaani walinzi, kwani hakuna hata mmoja aliyevunja desturi. Nami nimelifikiri jambo hili kwa muda mrefu nisipate pa kulishika. Mtu akivamiwa na adui hupiga pembe. Akivamiwa na walinzi wake mwenyewe, apige nini?