Jino Lililonyamaza

Ndugu zangu, alikuwapo seremala mmoja aliyekuwa akimwoza binti yake wa pekee, na furaha ilikuwa imempanda kichwani. Miezi miwili kabla ya harusi alikuwa ameshatengeneza viti vya maharusi kwa mikono yake, ameshashona suti, na ameshajifunza maneno yake. Mnajua maneno gani. Pale madhabahuni mchungaji anauliza, "Nani anamtoa binti huyu?" na baba anajibu, "Ni mimi, baba yake." Maneno manne tu, lakini mwenzetu aliyafanyia mazoezi kama kwaya inayokwenda mashindanoni. Anapiga randa, anasema, "Ni mimi, baba yake." Anaoga, anasema. Mpaka wateja waliofuata vitanda vyao wakawa wanaondoka wakitabasamu.

Kasoro ilikuwa moja. Gego la chini, upande wa kulia, lilikuwa na tundu. Lilianza mwaka uliotangulia, dogo kama kichwa cha sindano, na angeweza kwenda likazibwa asubuhi, jioni akawa anatafuna mahindi ya kuchoma. Hakwenda. Alihamia upande wa kushoto. Mnacheka, lakini ni wangapi humu ndani wamehamia kushoto? Chai ya moto, kushoto. Karanga, kushoto. Hata mswaki, kwa kuwa kulia kulikuwa kunauma, ukawa unaishia kushoto. Jino likichachamaa analitia karafuu, anasukutua kwa maji ya chumvi, maisha yanaendelea.

Ikafika wiki jino likakataa kubembelezwa. Hakula wala hakulala, na randa ikawa inamtetemesha hadi kwenye ubongo. Mkewe akakata shauri.

"Baba Tusekile, nimekuandikisha kwa tabibu wa meno. Jumatano saa tatu. Nitakupeleka mwenyewe, maana nakujua."

Sasa sikilizeni. Jumanne asubuhi akaamka, kimya. Akaligusa jino kwa ulimi, kimya. Akanywa maji ya baridi, kimya. Akachukua kipande cha muwa, akakipeleka kulia, kulekule alikokuhama mwaka mzima, akatafuna. Kimya kabisa. Alitoka nje mbio na muwa mkononi, machozi ya furaha yanamlengalenga.

"Mama Tusekile, njoo uone. Limepona!"

"Tundu limezibika?"

"Tundu lipo. Maumivu ndiyo hayapo."

"Basi kesho twende vilevile akalitazame."

"Atazame nini? Mtu mzima nikamwoneshe tabibu jino lisiloniuma, si atanicheka?"

Hawakwenda. Jumapili akasimama kanisani akatoa ushuhuda, akina mama wakapiga vigelegele hadi mabati yakalia. Mkewe naye alipiga makofi, ila machache.

Wiki tatu zikapita, za raha tupu. Alhamisi ya wiki ya harusi shavu likaanza kuvimba. Ijumaa asubuhi homa ikampanda, taya likakaza, hata kijiko cha uji hakipiti katikati ya meno. Akalazwa, dripu mkononi.

Jumamosi saa nne akiwa wodini akasikia matarumbeta. Msafara wa harusi ulikuwa unapita barabarani, chini ya dirisha lake. Akajikokota hadi dirishani, akaona shela jeupe la mwanawe katika gari la mbele, na uso wa mtoto umeinuliwa ukimtafuta baba yake kwenye madirisha yale mengi. Akataka kumwita. Akataka angalau kumwambia yale maneno manne. Kilichotoka ni mguno. Gari likapita, na kule kanisani mchungaji alipouliza nani anamtoa binti huyu, aliyejibu ni baba mdogo.

Tabibu wa meno akaja kumtazama, binti wa umri sawa na bibi harusi. Seremala akaomba kalamu, akaandika: "Mbona lilikuwa limeshaacha kuuma?"

"Mzee wangu," akasema kwa upole, "jino lile halikupona. Lilikufa. Ule mshipa wa ndani uliokuwa ukikuumiza ndio uliokuwa uhai wake. Ulipokufa, ukanyamaza, na uozo ukaendelea kushuka hadi kwenye mfupa bila mtu wa kukupigia kelele."

Hapo ndipo ninapowataka, ndugu zangu. Siku ya vigelegele ndiyo ilikuwa siku ya msiba, na kanisa zima tulipiga makofi. Wewe ulipomsingizia mwenzako mara ya kwanza, chakula kilipita kooni? Hakikupita. Moyo uliuma. Ukahamia upande wa pili, ukabadilisha hata njia ya kwenda sokoni ili msikutane. Leo unalala fofofo, na unatuambia una amani. Una hakika ni amani?

Meno yenyewe, nendeni mkayatibu. Watoto wapige mswaki kabla ya kulala, nanyi mkiwasimamia, na tundu dogo lizibwe likiwa dogo. Hilo halihitaji maombi ya kufunga.

Lakini nina furaha asubuhi hii na siwezi kuificha. Kama kuna kitu kinakuuma moyoni wakati huu, kama jina la mtu fulani limekuchoma nilipokuwa nikisema, shangilia, maana ungali hai. Usikitie karafuu. Usingoje kinyamaze. Inuka, nenda kwake leo hii kabla matarumbeta hayajapita dirishani kwako. Atakapouliza ni nani aliyemkosea, kinywa chako bado kinafunguka. Mjibu: ni mimi.